Nimezoea skii, sasa nataka kujifunza ubao wa theluji: nianzie wapi?

Baba Zuhura (Calgary)

Nawasalimu nyote. Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Calgary, nina umri wa miaka 41, na kwa majira manne ya baridi nimekuwa nikiteleza kwa skii katika vilima na milima ya huku. Sijawa bingwa, lakini njia zenye alama ya duara la kijani nazishuka bila wasiwasi, za mraba wa buluu nazimudu theluji ikiwa laini, na zile za almasi nyeusi huziangalia kutoka kwenye kiti cha lifti na kuwaachia wenyewe. Mwaka jana binti yangu wa miaka 11 aliziacha skii akahamia kwenye ubao wa theluji (snowboard), ule mmoja unaofungwa miguu yote miwili, na tangu hapo ananipita huku akiimba, nami nimeingiwa na hamu ya kujua ni utamu gani alioupata.

Sababu si mtoto peke yake. Buti za skii zimenichosha. Ni ngumu kama ndoo, zinaniminya muundi, na nikifika kwenye maegesho huzivua kwanza kabla hata ya kuwasha gari lipate joto. Buti za ubao nilizozijaribu dukani ni laini, na mtu anaweza kutembea nazo mpaka mgahawani bila kuonekana kama roboti iliyoharibika.

Naomba ushauri kwa waliokwishaipita njia hii. Je, ujuzi wa skii nilio nao utanisaidia, au itanibidi nianze upya kama mtoto? La pili linanitia hofu zaidi: kazi yangu ni kufunga umeme majumbani, mikono ndiyo jembe langu, na kila ninayemuuliza ananitajia mtu aliyevunjika kifundo cha mkono siku ya kwanza. Tena kuna jirani anayeniuzia ubao wake wa zamani kwa bei ya kutupa, nami sijui kama niuchukue au nikodi kwanza. Nina siku 3 za likizo mwezi Januari, na ningependa kujua kama zinatosha kunifikisha mahali pa kushuka pamoja na binti yangu bila kumchelewesha.

Mwanamvita (Oslo)

Kaka Baba Zuhura, salamu kutoka Oslo. Mimi nilitoka kwenye skii nikaingia kwenye ubao nikiwa na miaka 36, baada ya misimu mitano, kwa hiyo unachokiuliza nimekionja kwa mwili wangu mwenyewe. Kwa kifupi, ujuzi wako utakufaa machoni na utakuponza miguuni.

Nianze na macho. Wewe tayari unajua kuusoma mteremko: unatofautisha barafu inayong'aa na theluji iliyosagwa na mashine usiku, unapima mwendo wako na wa anayekuja nyuma yako, na lifti ya viti haikutishi. Kubwa zaidi, mwili wako umekwisha kuelewa kwamba kinachomsimamisha mtu ni ukingo wa chuma unaouma theluji, wala si sehemu bapa iliyo chini ya mguu. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga theluji humaliza siku nzima kabla ya kuliamini jambo hilo, ilhali wewe utalihamisha tu kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Sasa miguu. Kwenye skii umefundishwa kuelekeza kifua chini ya mlima huku miguu ikigeuka chini yako, na kwa misimu minne umeurudia mwendo huo mpaka umekuwa tabia. Kwenye ubao unasimama ubavu, kifua kinatazama pembeni, mabega yanakaa sambamba na ubao, na kichwa peke yake ndicho kinachogeuka kutazama juu ya bega la mbele. Kila utakapoingiwa na hofu, na hofu itakuja, mwili utataka kurudi ulikozoea: kifua kitageuka kuelekea bondeni, nyonga itafuata, mkia wa ubao utachota theluji, na utajikuta umekaa chini kabla hujajua kosa liko wapi. Pia utaitafuta kabari, ile ya kuzikutanisha ncha za skii ili upunguze mwendo, na hutaipata, kwa sababu miguu yote miwili imefungwa kwenye kitu kimoja. Nilipokuwa kwenye skii, mguu mmoja ukiteleza mwenzake uliuokoa. Kwenye ubao hakuna mguu wa akiba.

Niseme kwa kirefu kuhusu ukingo wa chini, maana ndio unaowavunja watu moyo. Siku yangu ya pili nilikuwa karibu kabisa na jengo la lifti, mahali ambapo mteremko umekwisha na mtoto wa miaka minne angepita amelala. Nilikuwa nikiteleza kiubavuubavu, polepole, nikimpungia mkono rafiki yangu, na nikaulegeza mguu kidogo tu. Ukingo ulioelekea bondeni ulishuka kiasi cha unene wa ukucha, ukagusa theluji, ubao ukasimama papo hapo na mimi nikaendelea. Sikuona nikianguka, niliona mbingu. Kisogo kiligonga chini, na kama si helmeti nisingekuwa nikiyaandika haya kwa utani. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: ubao ukiwa umekaa mshazari kwenye mteremko, uzito wote uwe kwenye ukingo wa juu, ule unaoelekea kileleni, na usiulaze bapa isipokuwa pua yake imeelekea moja kwa moja mbele. Watu wengi hawakumbwi na balaa hili kwenye njia kali, maana huko wako macho. Hukumbwa kwenye tambarare, wakidhani kazi imekwisha.

Kuhusu siku 3, mimi naziona zinatosha, mradi usizitumie kwa pupa. Ya kwanza utaimaliza umefunga mguu mmoja, ukijisukuma kwa mwingine kwenye tambarare, kisha ukishuka kiubavu kwa ukingo wa kisiginoni, kisha kwa ukingo wa vidoleni. Huu wa vidoleni utakuchukiza zaidi kwa sababu ni mara yako ya kwanza kuupa bonde mgongo. Ya pili utafanya kile wanachokiita jani linaloanguka: unabaki kwenye ukingo uleule, unakwenda kushoto, unarudi kulia, kama jani la mwembe linavyoshuka siku isiyo na upepo. Mwishoni mwa siku hiyo, au asubuhi ya tatu, utajaribu kuhama kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine, na hapo ndipo mchezo wenyewe unapoanza. Chukua mwalimu japo kwa saa mbili za mwanzo, na umwambie wazi kwamba unatoka kwenye skii, kwani atajua makosa gani ya kuyavizia.

Muuguzi wa Kusini (Lethbridge)

Baba Zuhura, mimi ni muuguzi wa idara ya dharura hapa Alberta, na majira ya baridi hunipa picha kamili ya michezo hii miwili kupitia mlango wa nyuma. Watu wa skii huja wakichechemea, wameshika goti, au wamekunja kidole gumba kilichovutwa na fimbo walipoanguka. Watu wa ubao huja wameukumbatia mkono kifuani kama mtoto mchanga. Sababu ni ya kimaumbile: skii ni nyenzo mbili ndefu zinazoweza kupindana pande tofauti, na goti ndilo linalolipa, ilhali ubao huishika miguu yote miwili pamoja, hivyo goti hupona, lakini anayeanguka hana fimbo wala mguu wa kujiegemeza, na mikono hutangulia chini.

Kwa fundi wa umeme, nasema bila kuzunguka: nunua kinga za vifundo vya mikono kabla ya kufikiria ubao. Ziko za kuvaa chini ya glovu na ziko glovu zilizoshonewa kinga ndani, na zote ni bora kuliko mikono mitupu. Hata ukiwa nazo, jifunze kuanguka. Ukianguka mbele, kunja ngumi, ukutane na theluji kwa magoti na mikono ya mbele kwa pamoja, kifua kikifuata. Ukianguka nyuma, chuchumaa kwanza ili umbali upungue, ingiza kidevu kifuani, ujiviringishe mgongoni, na mikono uikumbatie mwilini. Watu husahau pia kifandugu. Kaptula yenye sponji inayovaliwa ndani ya suruali hugharimu kidogo, haionekani, na itakuwezesha kuketi kwenye gari wakati wa kurudi nyumbani.

Kuna jeraha jingine ambalo halizungumzwi sana. Mtu wa ubao akitua vibaya, kifundo cha mguu kinaweza kuumia kwa nje, chini kidogo ya nundu ya mfupa, na yeye akaamini ameteguka tu. Wakati mwingine huwa ni ufa katika mfupa wa ndani wa kifundo, na picha ya kawaida ya eksirei inaweza kukosa kuuonyesha. Ikiwa baada ya siku kadhaa bado hupati kuukanyagia mguu, rudi kwa daktari, mweleze kwamba ulikuwa kwenye ubao, na uulize kama kuna haja ya kipimo kinachoona zaidi. Na goti lako nalo lina saa yake ya hatari: ni pale unaposhuka kwenye lifti mguu wa mbele umefungwa na wa nyuma uko huru. Ukianguka hapo, ubao wote unaupinda mguu mmoja. Vuta mguu wa nyuma karibu, usiuache nyuma ukitawanyika.

Neno la mwisho ni kuhusu upepo wetu wa joto, Chinook, ambao wewe wa Calgary unaujua vizuri. Mchana unavua koti, theluji inatiririka maji, usiku baridi inarudi na kesho yake mteremko umekuwa kama sakafu ya marumaru. Kwenye skii ulikuwa ukilalamika na kuendelea. Kwa anayejifunza ubao, siku hiyo haifai kabisa: ukingo hauumi na kila kuanguka ni kama kuanguka kwenye saruji. Ikiwa likizo yako inaweza kusogezwa, isogeze mpaka iangukie baada ya theluji mpya, na kama haiwezekani, basi anza saa za mchana, jua likishalainisha juu. Siku ya kwanza usijisumbue kwenda mpaka milima ya Banff. Kilima cha mjini kwenu, kile cha michezo ya Olimpiki ya 1988, kina mkanda wa kupandia wa wanafunzi, na kwa kazi ya siku ya kwanza huhitaji mita nyingi zaidi ya hizo.

Abu Nasra (Dubai)

Mnanisamehe, lakini nitakwenda kinyume na upepo. Mimi nilijifunza skii humu ndani ya jengo, katika ukumbi wa theluji uliofunguliwa 2005 kwenye Mall of the Emirates, ambao njia yake ndefu kuliko zote ni mita 400, na kila mwaka huwapeleka wanangu Gudauri, Georgia. Wawili kati yao wako kwenye ubao. Nilijaribu kuwafuata kwa siku mbili, kisha nikarudi kwenye skii zangu, wala sikurudi kwa sababu ya maumivu.

Baba Zuhura, ikiwa shabaha yako ni kuwa karibu na binti yako, mzazi aliye kwenye skii ana manufaa kuliko mzazi aliye kwenye ubao. Mtoto akikwama kwenye tambarare, wewe unamnyoshea fimbo na kumvuta, ilhali mngekuwa nyote kwenye ubao mngevua mguu mmoja mmoja na kusukumana kama watu waliopoteza kiatu. Akianguka mahali palipo juu zaidi yako mlimani, mwenye skii anapanda mteremko kwa hatua za pembeni na kumfikia, ilhali mwenye ubao hana budi kufungua vifungo na kupanda kwa buti. Isitoshe, kwenye skii unaona pande zote mbili. Mtu wa ubao kila anapogeukia upande wa kisigino hupoteza nusu ya mlima nyuma ya mgongo wake, na huko nyuma ndiko mtoto aliko. Sisemi usijaribu. Ninasema usiuze skii zako kwa ajili ya buti laini, kwa sababu buti ngumu zinazouma muundi mara nyingi ni buti za kipimo kisicho chako, na fundi mzuri wa buti angeweza kukutibu kwa gharama ndogo kuliko kuanza maisha mapya.

Mwanamvita (Oslo)

Abu Nasra, kuhusu upande usioonekana umenena kweli tupu, na ningependa kila anayehama aisikie hoja hiyo kabla ya siku ya kwanza. Kabla ya kugeukia kisigino, tazama juu ya bega la nyuma kama dereva anayebadili njia. Aliye chini ana haki ya njia, lakini haki hiyo haimzuii anayekuja kwa kasi asikugonge. Na ukitaka kupumzika, usiketi katikati ya njia wala chini ya mwinuko ambapo anayetoka juu hakuoni. Watu wa ubao tumejipatia sifa mbaya kwa sababu ya kuketi kama tuko barazani.

Ila kwamba ni lazima mtu achague kimoja, hapo sikubaliani nawe. Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki, katika Olimpiki moja ya Pyeongchang mwaka 2018, alishinda dhahabu ya skii katika super-G, mbio za kasi za kushuka mlima, kwa skii alizoazima, na wiki moja baadaye akashinda dhahabu ya ubao. Sisi si yeye, lakini angalau ametuonyesha kwamba miguu inaweza kujifunza lugha mbili bila ya kwanza kusahaulika. Mimi mwenyewe theluji ikiwa ngumu navaa skii, na ikianguka mpya, nene, ya kuzama magotini, nachukua ubao, maana hapo ubao huelea kama ngalawa.

Konda Mstaafu (Innsbruck)

Wakubwa, shikamooni, na wenzangu habari zenu. Ninafanya kazi katika karakana ya kukodisha vifaa hapa Tirol, Austria, na kabla ya hapo nilikuwa konda wa daladala Dar es Salaam, kazi ambayo sikujua ingekuja kunifaa Ulaya. Mwalimu wangu alipokuwa akihangaika kunieleza namna ya kusimama ubavu, magoti yamekunjwa, uzito mguu wa mbele, kichwa kimegeukia gari linakokwenda, nilimwambia asijisumbue: nimesimama hivyo mlangoni kwa miaka sita, tena nikihesabu chenji.

Kuhusu ubao wa jirani, kaka, mimi ningeuacha mpaka nijue mambo matatu. La kwanza ni uzito wako na uzito ambao ubao huo ulitengenezewa, maana urefu wa mtu peke yake, ule wa kupima ubao kwenye kidevu, hudanganya. La pili ni upana: ukivaa buti za namba 45 na ubao ni mwembamba, vidole na visigino vitatokeza nje, na ukiuinamisha ubao, buti itagusa theluji kabla ya ukingo na kukung'oa. La tatu ni ugumu na umbo. Ubao wa mtu aliyekwisha kuwa fundi huwa mgumu na hukamata theluji kwa urefu wake wote, jambo zuri kwake na adhabu kwako. Ubao wa mwanafunzi ni laini, na ncha zake zimeinuliwa kidogo juu ya theluji ili zisikamate bila ruhusa. Kwa hiyo kodi ubao kwa siku hizo 3. Fedha uliyonayo itumie kwenye buti. Kisigino kisiinuke unapokunja goti, vidole viguse mbele kidogo tu, na soksi iwe moja, nene ya kiasi, ndefu kupita buti. Watu huvaa soksi mbili wakidhani wanaongeza joto, kumbe wanaziba damu na miguu inaganda.

Siku ya kukodi utaulizwa mguu upi unatangulia. Wanaotanguliza kushoto huitwa regula, wanaotanguliza kulia huitwa gufi, na hakuna ubora kati yao. Vaa soksi, kimbia hatua tatu kwenye sakafu laini uteleze: mguu uliotangulia wenyewe ndio wa mbele. Omba wakufungie vifungo kwa upana wa mabega, cha mbele kikielekea mbele nyuzi 15 hivi, cha nyuma kikiwa sifuri au kimegeuzwa nyuma kidogo. Mtu wa skii asipoangaliwa huomba vifungo vyote viwili vielekezwe mbele ili apate kutazama bondeni kama alivyozoea, na huko ni kujichimbia kaburi kwa tabia zilezile alizozitaja dada Mwanamvita.

Kushuka kwenye lifti ya viti kunaumbua watu kuliko mlima. Ukikaribia juu, kaa nusu ubavu, pua ya ubao ielekee mbele, ubao ukigusa theluji ulaze bapa, weka mguu wa nyuma kati ya vifungo viwili kwa nguvu, simama, tazama mbali, na usifanye chochote. Usigeuke, usifunge breki, usimshike jirani yako wa kiti. Mara mbili za kwanza mwombe mhudumu apunguze mwendo. Ndiyo kazi yake na hatakucheka, walau si mbele yako.

Baba Zuhura (Calgary)

Ndugu zangu, ninarudi na taarifa, na ninaandika kwa mikono miwili mizima. Nilikodi ubao, nilinunua buti, kinga za mikono na ile kaptula ya sponji, ambayo mke wangu aliicheka mpaka machozi yakamtoka. Ubao wa jirani niliupima kwanza: upana haukunifaa, buti yangu ilitokeza pande zote mbili kama samaki aliyewekwa kwenye sahani ya chai.

Siku ya kwanza ilikuwa ya aibu. Kifua changu kiligeuka bondeni mara nyingi kiasi kwamba mwalimu, kijana wa umri wa mpwa wangu, aliniambia niushike mshono wa suruali kwa mikono yote miwili, wa mbele mguu wa mbele na wa nyuma mguu wa nyuma, na nisiuachie. Ajabu ni kwamba dawa hiyo ndogo ilinyoosha mabega. Kushuka kwa ukingo wa kisiginoni nilikupata kabla ya chakula cha mchana. Ukingo wa vidoleni, kama dada alivyosema, niliuchukia. Nilikuwa nikiitazama theluji mbele ya pua yangu huku nikirudi kinyumenyume kuelekea mahali nisipopaona. Siku ya pili nililiangusha lile jani mpaka kulia na kushoto vikawa sawa, na jioni nikageuza mara tatu, zote kutoka kisigino kwenda vidole, kisha nikaanguka nikipungiwa mkono na binti yangu. Niliangukia ngumi na mikono ya mbele. Plastiki ya kinga ya kulia ina mchubuko mrefu ambao ungekuwa kwenye ngozi yangu.

Siku ya tatu tulishuka pamoja njia ya kijani kutoka juu hadi chini. Alinisubiri mara sita. Abu Nasra atafurahi kusikia kwamba sehemu moja tambarare ilitushinda sote wawili, na mtu mmoja wa skii aliyekuwa akipita alimnyoshea Zuhura fimbo na kumvuta, akaniacha mimi.

Limebaki swali moja. Paja la mguu wa nyuma linaniwaka moto, ilhali la mbele halina habari. Je, ni mazoezi yamekosekana, au kuna ninachokosea?

Konda Mstaafu (Innsbruck)

Unachokosea ni kuufanya mguu wa nyuma kuwa usukani. Ukiogopa mwendo unaegemea nyuma, pua ya ubao inakuwa nyepesi na kukataa kugeuka, nawe unaupiga teke mkia ili uzunguke. Paja linaumia kwa sababu linafanya kazi ya mwili mzima. Kwenye skii nako ulikatazwa kuegemea nyuma, ila hapa "mbele" si kwenye muundi tena, ni upande wa bega linalotangulia. Kabla ya kila kugeuka, sogeza nyonga juu ya mguu wa mbele mpaka uhisi unaukanyagia, anza kuinamisha ukingo kwa mguu huo, na wa nyuma uufuate tu. Jaribu kwanza mahali pasipo kali, maana kuegemea upande unaokwenda wakati mwili unataka kukimbia ni jambo ambalo akili hulikataa. Ukiweza kushuka njia nzima, mapaja yote mawili yakaishia kuchoka sawasawa, utajua umeupata.

Baba Zuhura (Calgary)

Nimekuelewa, konda. Jumamosi theluji mpya inatarajiwa, tunarudi kilekile kilima cha mjini. Skii ziko ukutani gereji, sijaziuza, na buti zake nimezipeleka kwa fundi kama alivyoshauri Abu Nasra. Alipozipima aliniambia zimenizidi namba moja na nusu, na kwamba kwa miaka minne nilikuwa nikizikaza kupita kiasi ili zisinivuke.